Bega la Kusinzilia

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, hata nimeanza kunenepa. Chumba changu kipya kinatazamana na geti la kiwanda, nikipiga chafya, mlinzi ananiitikia, "Afya!"

Lakini tangu nihamie karibu na kazi, mwanao ndiye mchelewaji wa kwanza! Nalala mpaka king'ora kilie. Jana msimamizi alinipigia kelele dirishani, "Wewe fundi wa vifungo, hiyo chai utainywa mpaka mchana?" Wenzangu wanaotoka mbali walikuwa wameshakaa kwenye cherehani, wananicheka.

Umeniambia Baba amepitilizwa tena na basi, akaamkia kituo cha mwisho, na kazini kwake wameshamwonya. Ulivyosimulia, nimecheka. Kisha nikakumbuka kwamba miaka yote ile tulipopanda basi moja kwenda kazini alikuwa akisinzia begani kwangu, na mimi ndiye niliyekuwa nikimwamsha ashuke.

Mwisho wa mwezi narudi kuishi nyumbani. Baba usimwambie sababu, atakuja juu aseme yeye si mtoto. Mwambie tu kelele za kiwanda zinaninyima usingizi.

Ni mimi kitindamimba wako,
ninayelala fofofo.