Waya wa Tochi na Mayai Thelathini

Baba Tumpe,

Ugali uko kwenye hotipoti. Mashine ya kutotolesha usiifunue, mayai thelathini ndiyo kwanza yanapata joto. ~~Na ile bodi ya kuongoza joto usiiguse kabisa.~~ Iguse tu, mume wangu.

Asubuhi ilipokataa kupokea programu mpya nilikusema umeimwagia chai, nikajigamba mwalimu wa fizikia ni mimi, ukaenda zako mtaa wa Mshangano bila kunywa chai. Nikabonyeza kitufe cha riseti, nikabadilisha kompyuta, wapi! Kumbe nimechomeka waya wa tochi, ule wa kuchajia tu: taa inawaka, programu haipiti. Waya wenyewe wa kupitishia programu ulikuwa kwenye mkoba wangu; nilipouchomeka, ikapita!

Chai nimekupikia nyingine, iko kwenye chupa. Ukitaka kucheka, nisubiri nirudi.

~~Mwalimu wa Fizikia~~
Mama Tumpe