Ute wa Trauti

Jumamosi, 14 Agosti

Mpaka sasa naiangalia mikono yangu kama si yangu.

Baba Kendi, anayeongoza wageni wa kambi ya uvuvi, alikuwa na mgeni wa kuvua kule mtoni, mzee kutoka Nairobi, akaniomba nimsaidie kubeba chakula. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikaenda. Huko trauti, samaki wa mito ya baridi, haliwi. Anatolewa ndoano na kurudishwa majini, na mwenye kambi akisikia mmoja amekufa mikononi mwa Baba Kendi, kazi imeisha.

Mgeni akanasa mmoja mnene.

"Mama Kendi, mshike nitoe ndoano," akasema Baba Kendi.

Nikajipangusa mikono kwa leso mpaka ikakauka, vile mtu hushika mtoto mchanga. Nikampangusa na samaki pia, asiteleze.

"Unafanya nini wewe? Huo ute ndio blanketi yake, ukiutoa anaugua."

Akalowesha mikono, akamchukua, akamshika ndani ya mto kichwa kikielekea maji yanakotoka. Samaki akalala ubavu. Nami nikaanza kumwombea samaki, mtu mzima mimi.

Halafu mkia ukatikisika, akaenda.

Tukirudi nilimwambia Baba Kendi angenifundisha kwanza, sio kunifokea mbele ya mgeni. Akasema pole. Nikamuuliza yeye alijifunza vipi.

"Kwa kuua. Unakumbuka wale samaki nilikuwa nakuletea nikianza kazi?"

Nakumbuka. Alisema ni zawadi ya wageni. Niliwakaanga wote, na kila mara nilimshukuru Mungu kabla hatujala.