Risasi Zilizokataa Kuingia

Darby, Montana
16 Novemba 1987

Wifi yangu mpendwa Arlene,

Pokea salamu zangu nyingi, pamoja na za theluji, ambayo mwaka huu imewahi. Natumaini goti lako limepoa na Orrin ameacha kupanda juu ya paa kama kijana. Mimi ni mzima. Ninakula, ninalala, na juzi nilicheka mpaka jirani yetu Wendell akauliza kama nimeonja kitu.

Nianze na jambo lililokuwa likinikaa rohoni. Unaijua meza ya kaka yako kule chumba cha chini, alipokuwa akijitengenezea risasi. Niliposhuka kumwita kula nilikuwa nasimama kwenye ngazi ya mwisho, kwa sababu Verlin alipomimina baruti kwenye mizani alibana pumzi, na mimi nikazoea kubana yangu. Hata sasa nikipita mlango ule nabana.

Baada ya mazishi yake nilikuta kwenye kabati lake boksi la risasi alizotengeneza msimu wa kuchipua. Nilimwomba Wendell aje azitazame, kwa kuwa wao wawili walianza kazi hiyo pamoja. Akachukua bunduki ya Verlin, akatia risasi moja, na komeo, kile chuma cha kuifungia risasi ndani, likagoma kufunga. Akatia nyingine, hivyo hivyo. Akafungua mbili kwa kifaa chake, akapima baruti, akakuta ni pungufu kabisa ya ile ambayo Verlin alizoea kuweka. Akavua kofia. Akaniambia kwa upole kwamba mzee alikuwa ameanza kupotea, mikono na kichwa pia, na kwamba tuzifungue zote, baruti nikaimwage kwenye maua.

Arlene, maneno yale yaliniumiza kuliko jeneza. Unakumbuka wiki zake za mwisho aliniita kwa jina la mama yenu mara kadhaa. Nilikuwa nimejiambia ni dawa tu, kwamba ndani yake alikuwa bado Verlin. Sasa boksi lile likawa linanibishia. Nilikataa lisifunguliwe, lakini sikuwa na hoja, nilikuwa na ukaidi tu. Nikaendelea kufunga vyombo nije kwenu Spokane kama tulivyokubaliana.

Wakati wa kufunga vyombo ndipo nilipoitoa bunduki yangu nyuma ya makoti, ile aliyonipa baba nilipoolewa. Inatumia risasi za ukubwa ule ule wa bunduki ya Verlin. Sikuwa nimeigusa tangu nipasuliwe bega, maana risasi za dukani zilikuwa zinanipiga teke kama nyumbu. Nilitegemea kutu. Nikakuta mbao zimepakwa mafuta mapya na komeo linateleza. Nikakaa nayo kitandani. Halafu nikashuka chini, nikachukua risasi moja ya boksi lile, nikaitia. Komeo likafunga kama droo iliyopakwa sabuni.

Nilimpigia simu Wendell, akaja na buti hazijafungwa kamba. Alizijaribu nyingine, zote zikaingia. Akakaa juu ya ndoo, akapiga paja lake, akasema yeye ni punda na mke wake amekuwa akimwambia hivyo bure miaka yote. Ganda la risasi likipigwa hutanuka, linafuata umbo la bunduki iliyolipiga, kama kiatu kinavyofuata mguu. Verlin alikuwa akiyabana maganda shingoni tu, tumbo haligusi, ili yabaki na umbo hilo. Hayo yalikuwa yamepigwa kwenye bunduki yangu. Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kwaya alikuwa kule malishoni akiifyatua, na mimi nikirudi ananiambia alikuwa akijaribu ya kwake.

Nikamuuliza Wendell, na baruti ile pungufu? Akapima tena ya zile mbili alizozifungua. Zilikuwa sawasawa, hazikupishana hata punje. Akaniambia mtu aliyepotea hapotei kwa kipimo. Kisha akanitazama bega, nami nikaelewa kabla hajasema: baruti kidogo, teke dogo.

Tulienda malishoni kuzijaribu. Bega langu halikulalamika. Matundu kwenye shabaha yalikaa pamoja hivi kwamba ningeweza kuyafunika kwa kitako cha kikombe changu cha kahawa. Wendell aliyaangalia kwa darubini, akasema mzee anamcheka kutoka kaburini, na kwamba mimi nisijivune, kazi ni ya risasi. Nikamjibu yeye ana risasi pia na bado anakula kuku wa dukani kwa kukosa windo.

Jumamosi tukapanda mlimani. Wendell alikuwa anahema kama treni, nikamwambia apunguze au atawafukuza elki, kulungu wetu wale wakubwa, mpaka Idaho. Tulimkuta jike mmoja amesimama pembeni ya misonobari, ubavu wazi. Nikabana pumzi, kama kwenye ngazi ile, nikafyatua. Alipiga hatua chache tu akalala. Nililia kidogo, halafu ndipo nikacheka kile kicheko nilichokutajia. Soseji zenu zipo kwenye friza. Za Orrin nimezitia pilipili zaidi.

Sasa wifi yangu, nikwambie lile ambalo nimekuwa nikilizunguka tangu ukurasa wa kwanza. Siji Spokane. Nimemwambia dalali aje kung'oa kibao chake cha kuuza nyumba pale mbele. Najua mmeshapaka rangi kile chumba, nisameheni, nitakuja kukilalia wakati wa Pasaka. Lakini nimeanza kukaa kwenye meza ile. Wendell ananifundisha na kunigombeza, namlipa kwa mkate wa tufaha. Maganda ni yale yale aliyoyaacha Verlin. Nayabana shingo, natia fataki mpya ya kuwashia baruti, namimina baruti kwa kipimo chake kile kile. Jana nilikuwa nimejisahau kabisa pale, mpaka viazi vikaungua jikoni kule juu, na hakukuwa na mtu wa kuniita kwenye ngazi. Nilivila hivyo hivyo, na vilikuwa vitamu.

Msalimie Orrin na majirani wote wanaoniulizia. Jumapili mkikaa mezani, nikumbukeni.

Wifi yako akupendaye,
Leona