Mwisho Niliokupa Nje ya Sinema

Shikamoo, Shangazi Zuhura,

Nilikudanganya, na mpaka leo sijamwambia mtu, hata Mama.

Unaikumbuka ile filamu ya Kihindi, ya yule mwimbaji? Onyesho la wanawake, alasiri, safu nzima mabuibui, nami nikisoma maneno ya Kiingereza chini ya picha na kukunong'onezea kwa Kiswahili. Niliona haya. Ukanifinya: "Paza sauti, mwanachuoni wangu, na wenzetu wafaidi." Tukamwona akipata jina, akipata mume wa kumpenda, kisha akizama katika ulevi. Hapo ukainuka. "Nakungoja nje. Utanambia alivyoishia."

Alikufa, Shangazi. Mumewe alimkuta sakafuni.

Nje ulikuwa ukila mabuyu, vidole vyekundu. Nikakwambia alipona, akaimba kwenye harusi ya bintiye. Ukanitazama. "Haya. Naye kapona."

Siku tisa hukugusa unga, ile dawa ya kulevya iliyokuwa ikikumaliza. Ulikuja kutupikia, ukaimba nyimbo zako za harusi, Mama akikutania, "Wifi, wali unaungua, nawe uko jukwaani." Siku ya kumi hukuja. Baada ya miezi miwili tukakuzika.

Tangu hapo kitabu hakisomeki. Lau ningekwambia kweli, labda ungeogopa. Labda ungeacha kabisa. Labda ni mimi.

Baada ya hitima, Bi Saumu, mpiga ngoma wako, alinikuta jikoni nalia. Akaketi kando yangu.

"Ndiwe uliyemsomea ile filamu? Tulikuwa tumeshaiona, mimi naye, wiki ya kabla. Tulikaa mpaka mwisho, akalia njia nzima. Akasema atairudia nawe, umsomee walichokuwa wakisemezana. Siku ile alinijia anacheka. 'Saumu,' kanambia, 'yule mtoto hakutaka nife.'"

Kumbe ulijua. Ulijua, na bado ukajaribu siku tisa.

Sikutaka, Shangazi. Bado sitaki.

Mungu akulaze pema. Kila Ijumaa nitakuombea, na nyimbo zako nazinakili kwenye daftari. Pale nisipokumbuka, Bi Saumu hunikumbusha. Hautapotea hata wimbo mmoja.

Jana ile filamu ilirudi. Nilikwenda peke yangu. Mama mmoja akaniona na sare ya shule, akasema, "Tusomee, mwanangu." Nikapaza sauti. Nilisoma yote, mpaka pale sakafuni, mpaka neno la mwisho. Kisha nikatoka nje, nikanunua mabuyu.

Mwanao,
Rukia