Ushuhuda Kabla ya Kazi

Jumapili

Na huyu rafiki yangu Karis naye! Wakati wa ushuhuda kanisani, vijana wenye tulitoka nao kijijini Ngoliba walisimama wote. Mmoja ameandikwa kazi, mwingine ameoa. Mimi nikajikunja kwa kiti. Karis akanisukuma, "Simama bana, ama Mungu wako ako likizo?" Watu wakacheka.

Nikasimama. "Bwana asifiwe. Mimi bado sijapata kazi. Kila asubuhi natoka hapa Ruiru naenda geti ya kiwanda huko Thika, wanachagua wengine, narudi. Lakini Mungu hajaniambia niache."

Cucu mmoja, nyanya mzee wa hapo kanisani, akasema, "Amina, kijana wangu. Usiache."

Bado naogopa, sitadanganya. Nikikosa tena...

Nimepaka viatu rangi. Kesho niko geti.