Jicho la Upinde Wako, Baba

Baba, shikamoo.

Nimeandika hivyo, kisha nikainua penseli na kungoja marahaba yako, kama mjinga. Haikuja. Basi nitajiitikia mwenyewe na kuendelea, maana nina habari, na habari hii sina wa kumpa ila wewe.

Ni mimi, Zaina wako. Mama hajambo, anakohoa kidogo asubuhi kwa baridi hii ya Shume, lakini anakula. Ng'ombe amezaa, ndama jike. Bwana Shamba bado anatuhimiza tuchimbe matuta, na watu bado wanamwitikia "ndiyo, bwana" kisha wanakwenda zao nyumbani kuota moto. Kaburini kwako nyasi zimeota haraka mno, mpaka nilizikasirikia. Nilizing'oa kwa mikono huku nikizigombeza, jirani akapita akanitazama akaenda zake.

Hayo ni ya juu juu. Lililonikalisha hapa ni la upinde.

Baada ya arobaini yako Baba Mdogo alivigawa vitu vyako mbele ya wazee. Koti lako la keya, lile la jeshini, alilichukua yeye, na wala halimwenei, linambana kwapani, lakini halivui. Shoka na panga vikapata wenyewe. Upinde hakuna aliyeunyooshea mkono. "Ule wenye jicho?" walisema. "Nani ataweza kuutumia?" Mama akaunyanyua, akautundika pale pale juu ya meko, kwenye moshi wake wa siku zote.

Unakumbuka walivyokucheka? Ulirudi kutoka vita vya Bama mkono mtupu, ukasema, "Bunduki wameichukua, shabaha wamenisahaulia." Ukaukata mti wa mkole, ukachonga upinde kama wa babu, halafu ukataka kuuwekea jicho, cha kulengea, kama kile kipande kinachosimama mdomoni mwa bunduki. Wazee wakasema mpiga mishale hutazama mnyama, hatazami kishaufu. Wewe ukacheka nao, ukaendelea.

Mimi nilikuwa nyumbani wakati ule, nakuona. Kwanza ulikata alama kwa kisu na kuitia mkaa. Ukungu ukaimeza. Ukafunga mwiba wa mgunga, mnene, ukamficha nyani mzima nyuma yake. Ukabandika punje ya hindi kwa utomvu, ukajisifu jioni yote, asubuhi tukakuta panya wameila. Loo, siku hiyo Mama alicheka mpaka akashika mlango! Ndipo uliposhuka bondeni, huko Mnazi, ukarudi na miiba ya nungunungu, myembamba na migumu. Ukaulaza mmoja kwenye upinde juu kidogo ya mshikio, ncha ikitokeza kushoto, ukaukaza kwa ukano wa mbuzi. Kwenye ncha ukatia ushanga. Mweupe ulipotea kwenye ukungu, mweusi ulipotea msituni. Ulitakiwa mwekundu, na shanga nyekundu zilikuwa shingoni mwa Mama.

"Yaani umeshindwa kunivisha, sasa unanivua uvishe mti?" Ndivyo alivyokwambia. Lakini alizivua, akakuchagulia mwenyewe ulio mzuri.

Na nyani walikoma, Baba. Wale wazee wakaanza kukuita uwalindie mahindi yao, na hakuna aliyesema tena habari ya kishaufu.

Halafu mimi nikarudi kutoka kwa mume, na kisanduku changu kichwani. Hukuniuliza kitu. Mama aliuliza yote, wewe ulinipisha mlangoni, ukasema, "Shamba la juu ni la Zaina." Kesho yake ukanipandisha huko, kwenye ukingo wa msitu, ukanionyesha dungu ulilolijenga la kulindia, na kisiki cha mti wa mwangati kule mwisho wa shamba ambapo nyani hukaa kwanza kabla ya kushuka. Uliniambia jicho la upinde limepimwa kwa mwendo huo huo, kutoka dunguni hadi kwenye kisiki. Ukanisimamisha mbele ya gogo la mgomba, ukanishika kiwiko. "Kwanza mkono ukae mahali pamoja, pembeni mwa mdomo, leo na kesho. Mkono ukitangatanga, jicho litadanganya." Mishale yangu ikaanguka chini, yote. Nikanuna. Ukanambia, "Usiugombeze mshale, ufuate. Ukienda chini, shusha jicho. Ukienda juu, lipandishe. Lakini hili ni langu, limepimwa kwa mkono wangu na shavu langu. Lako tutalipima mvua ikikata."

Mvua ilikata, Baba. Wewe hukuingoja. Kichomi kilikukamata kwenye baridi ile ile, na hata kuniaga hukuweza, pumzi ilikuwa ya kukoholea tu.

Msimu huu nimelima peke yangu. Mahindi yalitoka vizuri, Mungu shahidi, marefu kuliko mimi. Yalipoanza kubeba, Baba Mdogo akaja na lile koti lako, akasimama kwenye tuta. Nataka ujue alivyosema, usije ukamchukia. Alisema, "Zaina, mimi sikufukuzi. Lakini nyani hamwogopi mwanamke, unajua wewe na anajua yeye. Shamba lisilolindwa ni la msitu. Wakivuna wao msimu huu, msimu ujao atalima mwanangu. Wewe utakula kwangu." Alisema kwa upole, na huo upole ndio uliouma. Kula kwake! Nikae jikoni kwa mke wake nikingoja kupakuliwa, mtu mzima, kama kuku mgeni.

Nikautungua upinde.

Nyani walikuja ukungu ulipoinuka, kama walivyozoea, na yule mkubwa wao mwenye kovu puani akakaa kwenye kisiki. Nikavuta, mkono pembeni mwa mdomo, ushanga wa Mama ukakaa kifuani mwake barabara. Nikaachia. Mshale ukaingia kwenye udongo, mbele ya kisiki, upande wa kushoto. Nikaupeleka mwingine, ukaenda kulala karibu na mwenzake. Yeye akageuza kichwa akaitazama, kisha akavunja hindi, akalimenya, akala akinitazama mimi. Husemwa nyani mzee amekwepa mishale mingi. Huyu hakukwepa hata mmoja. Hakuona sababu.

Nilijua kosa liko wapi. Ulikuwa umeniambia. Mkono wangu ni mfupi kuliko wako, uso wangu mdogo, na jicho lile lilikuwa bado linakungoja wewe. Nilirudi nyumbani nikamwambia Mama kwamba ukano ufunguliwe, jicho lishushwe kidogo, basi. Mama alikuwa anasonga bada. Aliacha mwiko ndani ya chungu. "Usiliguse. Fundo hilo ni mkono wake. Kanzu tumegawa, kitanda tumegeuza, hata harufu yake imekwisha humu ndani. Fundo uniachie."

Nami kusema kweli nilifurahi aliponikataza. Nilikuwa nimekwisha kulishika fundo lile kwa kucha, huko juu, peke yangu, na nikaliacha. Liliviringwa vile ulivyokuwa unaviringa kila kitu, kamba ya ng'ombe na mzigo wa kuni, ncha ikipita chini ya yenyewe. Nilisema moyoni, nikilifungua, atakuwa amekufa kweli.

Basi tukawa tunakukumbuka na nyani wanakula. Kila asubuhi nilipanda dunguni na upinde wa marehemu, na kila asubuhi nilipiga udongo. Nikajaribu kuupita ushanga, nilenge juu ya kichwa chake, kwa kukisia, jambo ambalo hukulipenda hata kidogo. "Kukisia ni kumwomba nyani asimame." Naam, nilimwomba, akasimama, na bado nilimkosa. Nilipiga kelele, nikapiga debe, nikarusha mawe. Watoto wao wadogo walicheza mle ndani kana kwamba nimewaitia ngoma. Mstari wa juu ulikwisha wote, ukafuata wa pili, na Baba Mdogo akipita njiani hatazami tena shambani, anaogopa kuniaibisha.

Siku moja Mama alipanda mwenyewe kuniletea chakula. Alikuwa hajafika huko tangu tulipokuzika. Akakuta mabua yamelazwa, magunzi yametapakaa mpaka dunguni, na mimi nimekaa na upinde mapajani. Hakulia wala hakusema pole. Aliokota gunzi moja lenye alama za meno, akaligeuzageuza, akalitupa.

"Hili shamba alikupa nani?" akaniuliza.

Baba, nikamwambia.

"Na huu upinde aliufanyia jicho la nini? La kutundikwa?" Akakaa juu ya tuta, akanyoosha miguu. "Leta huo upinde."

Fundo lilikuwa limekauka kama mfupa kwa moshi. Kucha hazikuingia. Basi aliinamia upinde, akaushika ukano kwa midomo, akaulowesha kwa mate, akangoja, akaulowesha tena. Nilimwona mgongo wake unatikisika na nikageuka upande mwingine, kwa sababu mtu hatazami mamaye akiwa hivyo. Kisha akalifungua kwa meno. Nilisikia sauti ndogo tu, kama ya uzi.

Alipouondoa ukano wote, tuliona kitu, Baba. Mti mzima umekuwa mweusi kwa miaka ya moshi, lakini pale ulipofunga wewe pamebaki peupe kama siku ulipouchonga, mzunguko mwembamba kama pete. Na mti umebonyea hapo kidogo, jinsi ulivyokaza. Mama akapitisha kidole pale, akanipa na mimi nipitishe. Hapo ndipo tulipolia, wote wawili, kwa sauti, na nyani wakasikia na wakakimbia. Mama akasema, "Kumbe dawa yao ndiyo hii, tungelia mapema." Tukacheka na makamasi yetu.

Nikalifunga jicho chini ya ile pete, kwa ukano ule ule ukiwa bado laini. Mama akanishikia mwiba. Tukashuka kwenye gogo la mgomba, nikapima mwendo kama wa kutoka dunguni hadi kwenye kisiki, nikapiga. Mshale ukapita juu ya gogo, ukaenda zake. Nilikuwa nimeshusha mno. Nikaisikia sauti yako, "ufuate," nikalipandisha nusu ya nilivyoshusha. Sasa mishale ikakaa kimo kizuri lakini kushoto, kushoto, kushoto. Nikausukuma mwiba utokeze zaidi kushoto, ingawa akili yote ilikuwa inaniambia niuvute kulia. Nikapiga tena mpaka bega likakataa. Mama alikaa pembeni akinyoosha kidole, "Huko," "Huko tena," "Aa, hapo!" Siku iliyofuata tukarudia. Mkono wangu ulipozoea kukaa mahali pamoja, mishale nayo ikaanza kukaa pamoja, nikalikaza fundo. Nimelifunga kama wewe, ncha chini ya yenyewe. Halikutoka zuri kama lako.

Yule mwenye kovu alikuja akakaa kwenye kisiki chake. Nilivuta, ushanga ukakaa kifuani, nikaachia. Hakupata nafasi ya kunitazama. Wenzake walipiga ukelele ule wao wa kutisha na msitu ukawameza, na mimi nikakaa chini ya dungu. Sikufurahi, Baba. Nilidhani nitafurahi. Kitu nilichojua wakati ule ni kwamba jicho lile sasa ni langu, na ukirudi leo ukauchukua upinde wako, utakosa. Ndicho kilichoniliza kuliko siku ya mazishi. Siku ya mazishi kulikuwa na watu na uji wa kupika.

Nyani hawajashuka tena kwa wingi. Wanakuja wawili watatu, wanachungulia, wakiniona na upinde wanarudi. Nimevuna, si kama mwaka wako, lakini dari ya Mama imejaa na kuna ya kupanda. Baba Mdogo alikuja siku ya kuvuna. Alikwenda hadi kwenye kisiki, akarudi, akautazama upinde bila kuugusa. Akasema, kama wanaume wanavyoitana, "Haya, mghosi. Shamba lina mwenyewe." Mama akamwambia mghosi huyo alimzaa yeye na anamjua ni binti. Akacheka yule mzee mpaka koti lako likaachia mshono kwapani.

Nilitaka kuutoa upinde kwenye moshi. Nilitaka niutundike karibu na mlango, ile pete yako nyeupe isije ikafunikwa. Kisha nikakukumbuka ukinifokea, kwamba upinde bila moshi ni chakula cha wadudu. Basi nimeurudisha juu ya meko. Pete itafifia. Hata juzi niliona imeanza rangi ya chai. Iache ifunikwe. Nakuahidi jambo moja tu, maana makubwa siyawezi: nyani hatakula shamba ulilonipa nikiwa hai, na kila nikiutungua upinde, kabla sijavuta, nitapitisha kidole pale palipobonyea. Moshi utafunika weupe, lakini kibonyeo kidole kitakipata. Huko utakuwepo, juu kidogo ya fundo langu mimi.

Ukungu unainuka, nasikia wanaitana msituni. Natakiwa dunguni, maharage bado yako shambani. Lala, Baba, lala vizuri, hakuna anayekuhitaji uamke mapema tena.

Shikamoo. Marahaba yangu niwekee, nitaidai siku tukionana.

Mwanao,
Zaina