Mvua Katika Toleo la Tisa

Kitale
6 Machi 2004

Kwa Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka hapa Kitale. Mimi ni mzima, ila mafua yananisumbua tangu tuanze kupakua mbolea dukani. Natumai mguu wako umetulia na kwamba Sellah anakupikia ile mboga chungu unayoitaka kila siku.

Nimekutumia kitabu chetu cha katuni, Sajini Upepo, toleo la thelathini na moja. Nimekisoma kwanza, kama kawaida, na safari hii sina lawama. Sajini ananyeshewa karibu na daraja, nguvu zinamtoka, na wezi wa ng'ombe wanapita mbele yake akiwa amekaa chini ya ghala analia. Hata mimi nililia, ucheke ukitaka. Lakini hiyo ndiyo kanuni: akilowa, anakuwa mtu wa kawaida kama sisi. Basi jaza kadi ya nguvu zake kama tunavyofanya kila toleo, tia sahihi, unirudishie nami nitie yangu.

Ni mimi binti yako,
Nelima


Naitiri
20 Machi 2004

Mwanangu Nelima,

Barua imefika nikiwa salama. Mguu unauma lakini bado ni wangu. Mboga napata. Ndugu yako Wabwile ana makosa mengi, lakini kwa kumuoa Sellah alifanya vizuri.

Sasa tuje kwa kazi. Sitii sahihi. Huyo mchoraji ametudanganya. Katika toleo la tisa Sajini alivuka mto umefurika, mvua ya mawe inapiga, na begani amebeba mwalimu na watoto wawili. Maji yalichorwa kwa wino wa buluu, nayakumbuka. Leo mvua kidogo tu imkalishe chini? Nilitunza stoo ya vipuri katika kiwanda cha karatasi pale Webuye miaka ishirini na sita. Kitu kikiingia kinaandikwa kwa kadi, kikitoka kinaandikwa, sahihi mbili. Nguvu za mtu wa kuchorwa ni hivyo hivyo. Usisahau wewe ndiye uliniingiza katika mambo haya. Ulikuwa darasa la sita, nikakunyang'anya kitabu nitafute sababu ya kukuchapa, nikapata sababu ya kumchapa mchoraji.

Ukitaka kubisha, bisha kwa kadi.

Babako,
Sifuna


Kitale
2 Aprili 2004

Kwa Baba,

Salamu. Mafua yameisha, kwa hivyo nina nguvu za kubisha. Toleo la tisa nililisoma mpaka likatoka kava, na hakuna mto hata mmoja. Na wino wa buluu umetoka wapi, bana, wakati kitabu hicho ni cheusi na cheupe tangu kianze? Toa toleo lenyewe kwa sanduku lako, toa na kadi yake, unitumie vyote viwili. Nikishindwa nitakuja huko kukupikia wiki nzima, na unajua vile napika.

Binti yako,
Nelima


Naitiri
11 Aprili 2004

Nelima,

Hatujambo. Mvua imekuja na tumepanda. Toleo na kadi ziko ndani ya bahasha hii. Sijaziangalia, sina haja. Andaa sufuria.

Babako,
Sifuna


Kitale
19 Aprili 2004

Kwa Baba mshindwa,

Uhali gani leo? Kaa chini kwanza. Ukurasa wa saba, mvua inanyesha, na Sajini amejificha chini ya lori, hawezi kusukuma hata gurudumu. Na kadi inasema, mwandiko wako mwenyewe, kalamu nyekundu: "Mvua. Nguvu hakuna. Kila mara." Sahihi yako iko hapo, na yangu ya utotoni yenye ua juu. Nimemsomea Chepchumba, mwenzangu wa dukani, akacheka mpaka akakalia gunia. Nilimwambia babangu ni mtunza stoo ameshindwa na kadi yake mwenyewe. Siku nzima nimekuwa na furaha, hujui tu.

Sasa tia sahihi ile ya thelathini na moja bila maneno mengi.

Binti yako mshindi,
Nelima


Naitiri
27 Juni 2004

Nelima,

Nimekaa na barua yako kwa muda. Kadi hiyo si yangu. Kuna mtu ameingia kwa sanduku langu akaandika mambo yake na kuiga mkono wangu. Chumba changu anafagia Sellah peke yake. Nimemwambia Wabwile amrudishe kwao Kimilili, na ameenda. Alilia sana, lakini hata mwizi hulia.

Mto ulikuwepo. Wale watoto niliwaona, mmoja alikuwa ameshika kofia yake isianguke. Mtu hawezi kuona kitu namna hiyo halafu kiwe hakikuwepo.

Babako,
Sifuna


Kitale
30 Agosti 2004

Kwa Baba mpendwa,

Nilifika salama. Nashukuru kwa siku nne nilizokaa nanyi, na nashukuru ulikubali Sellah arudi, hata kama husemi naye. Toleo la tisa na ile kadi ya zamani nimeziacha sandukuni mwako.

Niliona kadi ulizobandika nyumbani. Ya mlango wa nje, ya sukari, na ile iliyo chini ya picha, "Wabwile, mtoto wa kwanza". Tulikunywa chai tu.

Njiani nimefikiri sana. Baba, ulisema kweli. Katika toleo la tisa kulikuwa na mto. Nimekumbuka mwalimu, watoto wawili, na wino wa buluu. Mimi ndiye nilikosea, unisamehe. Nimeandika kadi mpya na kuitia sahihi, nimeiweka humu. Tia yako, tuyamalize.

Binti yako akupendaye,
Nelima


Naitiri
9 Septemba 2004

Mwanangu Nelima,

Leo kichwa changu kimetulia, kwa hivyo naandika haraka.

Tangu uanze kusema hujawahi kukubaliana na mimi. Hata siku tuliyomzika mama yako tulibishana mpaka pasta akangoja. Niliposoma "Baba, ulisema kweli", nilikunja barua nikaiweka chini. Daktari wa Bungoma aliniambia mwezi wa pili kwamba akili yangu inaondoka na hakuna dawa ya kuirudisha. Nikamwambia anafanya kazi bila kadi. Wewe nilikuficha. Sasa barua yako, kwa kunikubalia, imeniambia kile kile, na wewe huwezi kunidanganya.

Nimetoa toleo la tisa nikalisoma lote. Hakuna mto. Kadi yako nimeirarua. Nimemwomba Sellah msamaha, na nimemwambia nitamwomba tena kesho kwa sababu nitakuwa nimesahau.

Usitie tena sahihi kwa kitu ambacho hakiko. Bisha na mimi. Hata nikikasirika, hata nikikutukana, wewe bisha. Watu watakuwa wananikubalia kila kitu sasa, kama mtoto. Nikisikia mtu anabisha, nitajua ni wewe.

Babako,
Sifuna


Kitale
4 Desemba 2004

Kwa Baba,

Shikamoo. Hii ni barua yangu ya tatu bila jibu. Wabwile ameniambia kwa simu kwamba unazisoma, halafu unaziweka mfukoni na kuzisoma upya. Sellah amesema unakula kidogo. Kula, tafadhali.

Nabisha. Toleo la thelathini na nne limetoka. Sajini akiwa Kitale anasikia mtu akiita kutoka Kapenguria, maili nyingi. Kadi yako ya toleo la kumi na nne inasema masikio yake yanafika maili moja, basi. Mimi nasema mchoraji yuko sawa na kadi imekosea, maana anayeita ni mtoto wake, na sauti ya mtoto wako haihesabiwi kwa maili. Nimejaza kadi mpya na sahihi yangu iko chini. Nikatalie kama unaweza.

Krismasi ninakuja. Niandikie hata mstari mmoja, baba. Nitukane kama kawaida.

Binti yako,
Nelima


Stoo ya Vipuri, Webuye
14 Desemba 1987

Kwa Bi. Nelima,

Salamu za kazi. Barua yako (umekosea tarehe, umeandika 2004) na kadi vimenifikia hapa stooni. Huyo Sajini simjui, na kwa vitabu vyetu hajawahi kuingia. Lakini nimesoma maneno yako mara mbili na hayana msingi. Kama masikio yaliandikwa maili moja, ni maili moja, hata akiita nani.

Hata hivyo unabisha vizuri. Mimi nina binti mdogo, jina lake ni kama lako, miaka miwili, bado hajasema sawasawa. Akikua ningependa abishe hivyo. Sijui baba yako ni nani, lakini umpe salamu zangu.

Kadi nakurudishia bila sahihi.

Wako katika kazi,
Sifuna
Mtunza stoo